Wiki ya Pili, Kurasini

Bweni letu limepakana na mashine ya kusaga.
Kila alfajiri inaamka, inanguruma
chini kidogo ya La.
Mwalimu Mbonea alinuna siku tatu.
Ya nne akasema: haya, legezeni nyuzi, tuifuate.

Tumpale akashusha chelo,
Aneth na Kisa fidla zao,
mimi viola ya kuazima
inayobanduka gundi kwa unyevu wa Julai.
Tukacheza wanne, na wa tano
asiyejua kusoma nota.

Leo umeme umekatika mtaa mzima.
Tumekaa gizani, pinde juu,
kila mmoja anasikiliza pumzi ya mwenzake,
hakuna anayeanza.

Dirishani, mama mwenye ndoo ya mahindi:
"Kwani hata ninyi mnatumia umeme?"