Pembe za Shuka

Umeniuliza, baba Kobusinge,
fomu ya shule ikiwa mezani, chai yako ikipoa:
"Wewe ulilala bweni la Waingereza. Faida yake nini?"
Ngoja kwanza nimalize kukunja.

Shuka huchomekwa hivi: pembe chini ya godoro,
kidole gumba kiwe kabari,
na sarafu ukiiangusha juu yake iruke.
Bi Pelham alinifunza kwa rula.
Miaka thelathini na kitu sasa
siwezi kulala kitanda kilicholegea.
Hiyo ya kwanza. Usicheke.

Baba alinishusha langoni asubuhi ya ukungu,
Rwenzori yote imejifunika gubigubi,
akateremsha kasha la bati, ndoo, jembe, ufagio,
na kabalagala kwenye jani la mgomba.
Alikuwa ameuza ng'ombe wawili, yule mweupe na mama yake.
Akaniita Abwoli, jina la mapenzi,
nisilisikie tena hadi Krismasi.
Ndani nilikuwa Mia na Kumi na Saba,
kwa uzi mwekundu, kwenye kola, kwenye soksi, hadi kwenye chupi.

Kengele ya kuamka. Kengele ya uji. Kengele ya kunyamaza.
Nikajua kula maharage bila kutazama kijiko
(aliyetazama alilala njaa),
kulia nikiuma blanketi,
kumwomba radhi aliyenikanyaga.
Barua ya nyumbani tulinakili ubaoni:
Baba mpendwa, niko salama.
Wasichana arobaini, usalama mmoja.

Halafu kile kibao.
Aliyenaswa akisema lugha ya mama alikivaa shingoni
mpaka amnase mwenzake.
Nilijikwaa ngazini, nikapiga yowe: "Mawe!"
Kwetu huko ni kumwita mama, si mawe ya kujikwaa,
lakini nani angemweleza Bi Pelham?
Nilikivaa siku tisa. Kamba ilinichubua hapa, ona.
Sikutaka kumnasa mtu.

Siku ya kumi, kwenye foleni ya uji,
msichana wa kitanda cha pili, Lamwaka, wa Kitgum,
akapaza sauti kwa Kiacholi, maneno mengi, makusudi,
akanyoosha shingo kama anayevishwa shanga.
Usiku nikamuuliza alikuwa amesema nini.
"Nilihesabu mbuzi wa babu yangu."
Nami, kwa kuwa sikuwa na kitu kingine,
nikampa jina la mapenzi la kwetu: Atenyi.
Kwa Bi Pelham alikuwa Mia na Kumi na Nane.

Sikatai, Kiingereza nacho kilitulipa.
Unamkumbuka wakala wa chai na karatasi yake ya shamba?
Nilisoma ule mstari mdogo wa chini, kwa sauti,
kwa lafudhi ya Bi Pelham kabisa,
naye akafunga mkoba, soda hakuimaliza.

Lakini kumbuka na mwaka ule
vita vilipowang'oa watu kwao,
Kobusinge angali tumboni,
ukafungua mlango usiku ukakuta watu kumi na mmoja,
na mbele yao mwanamke mwenye kitoto mgongoni
anauliza kama hapa ndipo kwa Abwoli.
Ulihama chumba bila neno. Sijasahau.
Tulitandika sakafuni mimi naye,
yeye pembe ile, mimi hii,
kidole gumba kabari,
hatukuongea, hatukukosea hata mkunjo.
Mtoto aliangusha kishikizo juu ya shuka. Kikaruka.

Kwa hiyo usiniulize faida
kama unayeuliza bei ya mkungu sokoni Mpanga.
Ng'ombe wale wawili bado nawadaiwa,
na shingo hii haivumilii mkufu.
Bi Pelham hakumfundisha Lamwaka kuhesabu mbuzi,
ila ni yeye aliyepanga vitanda.

Nimetunga uzi mwekundu kwenye sindano,
sijajua nishone nambari au jina.
Fomu iache hapo, haina miguu.
Mwite Kobusinge.
Aje ashike pembe ile,
mimi nishike hii.