Nukta ya Saba

Ilianzia kwenye dadu.
Jumanne, mkahawani kwa Durmush, juu ya bandari ya Zonguldak,
mvua inagombana na bati,
baba akarusha rusho la kuanza, dadu moja tu,
akasema: saba.
Wazee walicheka hadi chai ikamwagika.
Durmush hakucheka. Aliona
baada ya miaka arubaini rafiki yake ameanza kumwibia.
Wakanuniana wiki nzima kwa ajili ya nukta
ambayo baba aliapa ameiona,
nyeusi, imejibanza kando ya zile sita
kama mtu asiyealikwa kwenye picha ya harusi.

Fundi wa miwani alibadilisha vioo, akabadilisha tena,
kisha akazima taa: hili si langu.

Daktari Feride alilitazama jicho lile
kwa muda mrefu kuliko mama alivyowahi kulitazama,
na badala ya kuzungumzia jicho
akauliza: unakohoa?

Kukohoa! Nani mtaani kwetu hakohoi?
Miaka ishirini na sita chini ya ardhi,
kikohozi kwetu ni jina la ukoo.

Pafu la kushoto, picha ikasema.
Mgeni huyu hakungoja siku ya tatu apewe jembe;
alishika sururu mwenyewe, akachimba kimya kimya,
na alipochoka na giza
akapanda kwa njia ya damu kutafuta dirisha.
Daktari alieleza vingine. Mimi nilielewa hivyo.

Husemwa macho hayana pazia.
La baba linalo. Linashuka toka juu,
rangi ya maji yaliyooshea makaa,
na kila asubuhi hupima kwa kidole
limefika wapi kwenye fremu ya mlango.
"Nyusi za mama yako zimeshakwenda," aliniambia jana.
"Mdomo bado upo, unanigombeza."

Kidonge kimoja kila usiku.
Huenda kikalipandisha pazia. Huenda.

Leo Durmush amekuja, viatu chepechepe, ubao kwapani.
Hakuomba radhi. Alipanga kete,
akaitia dadu kwenye kiganja cha baba, akakifumba.
Baba akarusha.
"Ngapi?"
Durmush aliinama, akaitazama sana.
Ilikuwa mbili; niliiona mimi.
"Saba," akasema. "Haya, cheza."