Kidole Gumba

Siku ya kwanza hawakunipa pesa.
Walinipa karatasi nyeupe zilizokatwa kwa kipimo cha noti,
Bi Nasambu akaketi mbele yangu na saa ya mkono:
hesabu mia. Tena mia. Tena.
Sifongo yenye maji, kidole gumba, kidole cha shahada,
na midomo imefungwa.
Anayehesabu kwa sauti, akasema,
anawafundisha wezi kujumlisha.

Usiku, nyumbani Kanduyi, niliota karatasi.
Mama alinisikia nikifika sabini na tisa
akaniamsha, akidhani nina homa.

Wiki ya tatu nikapewa dirisha namba nne
na beji: Nekoye, na chini yake MWANAGENZI,
herufi nene kuliko jina.
Wateja walisoma hapo kwanza,
kisha wakahamia foleni ya namba tatu.

Nikajifunza kupanga noti zitazame upande mmoja
kama watoto gwarideni.
Nikajifunza harufu.
Elfu ya mwalimu hainuki, hutoka mashineni na kurudi mashineni.
Ya muuza omena huijua kabla hajafika kauntani.
Ya mkulima wa miwa imekunjwa mara nne,
na ukiikunjua, vumbi jekundu humwagika kwenye kibodi.
Ijumaa moja nilipitisha milioni mbili na nusu mikononi.
Mfukoni nilikuwa na mia mbili, nauli ya siku mbili.

Jumanne ya malipo ya miwa
akaja mama wa Kabuchai, Rosbela Sikhoya,
kitambulisho chake kimefungwa ndani ya leso
na leso ndani ya mfuko wa sukari.
Weka kidole hapa, mama.
Akaweka. Taa ikawaka nyekundu.
Nikakipangusa kwa spiriti. Nyekundu.
Nikakipaka mafuta, tukajaribu cha kushoto. Nyekundu.
Foleni ikaanza kusonya.
"Labda," akasema, "leo nimekuja na mkono wa jirani."

Sikucheka. Nilikuwa nakitazama kile kidole:
laini kama mpini wa jembe la zamani,
mistari yote imesuguliwa ikaisha,
imebaki huko kwenye mabua, kwenye kamba za kuni,
kwenye masufuria ya watoto saba.

Bi Nasambu akashuka stoo
akarudi na kadi yenye kutu ya pini.
Juu yake, kwa wino wa zambarau, kidole gumba kizima,
miviringo ndani ya miviringo,
kama matuta ya shamba lililolimwa jana.
Mama Rosbela akaiinamia, kimya.
Akaweka kidole chake kando ya kile cha wino,
asikiguse.
"Ni mimi huyu. Nilikuwa sijazaa."
Halafu akauliza, na hakuwa anatania,
kama hicho nacho, miaka yote hiyo humu ndani,
kimepata riba.

Bi Nasambu hacheki kabla ya saa kumi.
Siku hiyo alicheka, akatia sahihi, akaniambia: lipa.
Elfu kumi na moja, mia nne. Nikahesabu mara mbili.
Mama Rosbela akahesabu mara tatu,
kwa sauti, wezi wasikie.

Jioni sanduku langu lilipungua mia mbili.
Tulitafuta chini ya meza, ndani ya pipa,
katikati ya fomu, hata ndani ya viatu vyangu.
Hazikuonekana, na mpaka leo hazijaonekana.
Nikaandika jina kwenye daftari la upungufu
(hapo hawaulizi kama wewe ni mwanagenzi)
nikatoa nauli.

Nikavuka reli kwa miguu, viatu mkononi.
Nilipofika, mama alikuwa jikoni.
Nikakiinua kidole chango kwenye taa:
mistari bado ipo,
na ukingoni, sijui kwa vipi, zambarau kidogo.
Mama, nikamwambia, hebu nione chako.
Akasema: ngoja kwanza nimalize kusonga.