Kuta

Kwa Kiswahili cha shule, kuta ni za nyumba:
mawe, saruji, vigae vya chupa vikilinda juu.
Kwa Kinubi cha kwetu, Makina,
kuta ni kifuniko cha miyaa na rangi
kinachowazuia nzi wasitue kwenye gurusa.
Mwalimu Odera alinikata alama kwa sentensi hii:
"Haboba amesuka kuta tatu tangu Ijumaa."
*Ukuta hausukwi*, akaandika kwa wino mwekundu.

Sikumlaumu.

Haboba Khaltuma hajawahi kumiliki ukuta wa mawe.
Nyumba yake ni udongo, na mabati yenye kutu ya rangi ya chai,
urithi wa babake, askari wa vita vya wengine,
aliyeonyeshwa msitu akaambiwa: kaa hapa, kwa sasa.
Hiyo "kwa sasa" ina vitukuu.

Siku ya kuhojiwa kwa ajili ya kitambulisho changu
karani alitaka cheti cha babu wa babu.
"Nyinyi hasa ni wa wapi?"
"Wa Kibra," Haboba akajibu,
"tangu hamjaitilia *e* katikati."

Mwezi jana akaja kijana wa hoteli, Kilimani,
viatu vyake vikiuogopa mtaro,
akaagiza kuta kumi na mbili za kupamba ukuta.
(Mwalimu Odera, ungalikuwepo!)
Zote saizi moja, akasema,
na huu mstari mweusi utoke, unachafua picha.

Mstari mweusi ni njia. Unaanzia kitovuni,
unazunguka, haurudi ulikotoka.
Haboba hakumweleza.
Alihesabu karo yangu kwa vidole, akakubali:
kumi na moja, safi kama sahani za hospitali.
Ya kumi na mbili aliisuka usiku, stima zimepotea,
mstari ukatambaa hadi ukingoni,
na hiyo haikutoka nyumbani.

Shangazi aliyeolewa Mombasa huiita kawa.
Basi ndio sisi: tumekawa.
Kawia ufike, wanasema,
ila hawasemi ukifika utafunguliwa na nani.

Jana nilianza yangu.
Imepinda upande mmoja kama kofia ya mlevi.
Haboba akaiweka juu ya bakuli la maharagwe,
akarudi nyuma hatua mbili,
akaikazia lile jicho lake zima,
mvuke ukitoroka pembeni.

"Nzi wawili wataingia hapa," akasema.
"Usiwaulize vyeti.
Haya, fumua safu tatu za mwisho."