Mnyambuliko

Darasa la saba, Manyatta, bati likivuja juu ya ubao,
Mwalimu Ong'injo alipanga vitenzi foleni:
zima, zimia, zimisha, zimika, zimwa.
"Zimika," alisema, chaki ikimdondokea shatini,
"haina mwenyewe. Taa imezimika, basi.
Zimwa ina mkono. Utafute huo mkono."
Nilipata thelathini na moja kwa hamsini
nikadhani nimemalizana naye.

Sasa tuko watatu juu ya kinu cha posho,
chumba tunachodaiwa kodi ya miezi miwili.
Unga hupanda ngazi bila hodi,
hutua kwenye kibodi, kwenye nywele za Khavere.
Ikifika saa nane mchana sote tuna mvi.

Habari yenyewe ni fupi, aya nne.
Wodi ya wazazi, hospitali ya Rabango,
Alhamisi, saa nne na robo usiku,
jenereta ilizimwa,
dizeli ikafyonzwa kwa mpira, mitungi sita,
ikaenda kunywesha magari ya msafara
wa mheshimiwa mwenye mkutano kesho yake.
Visanduku vitatu vya joto vikapoa
na vilivyokuwa ndani.
Mfagiaji aliandika yote nyuma ya daftari la sabuni,
akikandamiza kalamu kama anayepanda mahindi.

Jumapili simu ikalia. Sauti ya adabu,
sauti iliyoshiba chai ya maziwa.
Hakututusi. Aliwajulia hali watoto wa Khavere,
kwa majina, na shule, na rangi ya sweta.
Kisha: "Dada zangu, sijasema mfute.
Badilisheni neno moja. Andikeni *ilizimika*.
Mnatoa herufi moja, mnatia mbili.
Hata hesabu inawapa faida."

Sitadanganya kwamba tulikataa papo hapo.
Khavere alitoka akasimama kwenye ngazi,
akapiga simu shuleni, akapiga tena.
Jerono akasema, bila kuniangalia,
"Lakini kitu kikizimwa, si huzimika pia?"
Nikaliandika. Ilizimika.
Sentensi ikakaa vizuri mno,
safi kama sahani iliyolambwa.
Ungeipitia ukienda zako,
ukilaumu waya, ukilaumu mvua, ukilaumu Mungu.
Khavere akarudi, akasoma juu ya bega langu.
Hakusema kitu. Alinyoosha kidole chenye unga
akafuta mwenyewe.

Saa moja jioni tukaichapisha ilivyokuwa.
Saa mbili kasoro kurasa zetu zikagoma kufunguka.
Tukawapigia watu wa kampuni. Binti mmoja akajibu
kwa upole wa kukariri:
"Mtandao wenu umezimika, tunaomba radhi."
Jerono alicheka hadi akaketi sakafuni.

Ila nakala zilikuwa zimeshaondoka,
simu hadi simu, Kibuye, Ahero, Maseno,
nyingine zikisomwa kwa sauti kwa wasio na miwani.
Na Jumatano mwanamke akapanda ngazi zetu,
kandambili za bluu, moja imeshonwa kwa waya,
akashika nguzo hadi pumzi ikamrudia.
"Ni nyinyi?"
"Ni sisi."
Nilijiandaa kwa machozi, au kwa matusi.
"Mmeandika watoto watatu," akasema.
"Wangu alizaliwa alfajiri haijafika. Alikaa siku mbili.
Andikeni Amolo."

Mtandao haukuwepo. Nikafungua faili hata hivyo,
nikaandika. Chini yetu kinu kilinguruma,
meza ikatetemeka, jina likatetemeka nayo,
likabaki mahali pake.
Akaniomba nimsomee. Nikasoma kuanzia Alhamisi.
Nilipofika jenereta akaniinulia kiganja.
"Hapo. Ilizimwa na nani?"

Nikawatazama wenzangu, wenye mvi zao za unga.
Nikamwona Ong'injo, na chaki yake.
"Mama," nikamwambia, "hiyo ni aya ya tano.
Kaa. Bado tunaiandika."