Nipe Mji

Wao hawaoni rangi. Wanaona joto.
Tulilijua hilo siku ya tatu,
Bi Maureen wa nyumba ya pili alipochukuliwa
na birika la chai mkononi,
na paka wake, na hata gari
lililozimwa tangu asubuhi ila halijapoa.

Mama alikuwa akifunga samaki zamu ya usiku
kwenye ghala la barafu nyuma ya gati,
miaka tisa, glavu mbili-mbili,
na alfajiri akirudi ananuka hadoki.
Nilimwambia mara moja, mbele ya wenzangu wa shule:
oga kabla hujanikumbatia.
Neno hilo ninalo bado. Haligandi.

Akatuingiza humo, mimi na Fumo,
na Danuta mwenye funguo.
Nyuzi ishirini chini ya sifuri.
Dakika arobaini ndani wakipita, kumi kwenye korido,
makoti matatu kila mmoja,
kati ya maboksi ya samaki waliokodoa macho.
Juu ya bati tuliwasikia,
kama mtu anayechana shuka polepole.
Hatukuwa na joto la kutosha kuwa watu.

Siku ya kumi na moja dizeli ya jenereta ikapungua.
Mama akavua koti lake la tatu, akamvika Fumo,
akasema anakwenda kituo cha mafuta, Barabara ya Cleethorpes,
atarudi kabla hatujamaliza kuhesabu maboksi.
Tuliyahesabu. Elfu moja mia mbili na sita.
Tukaanza upya.

Fumo ana miaka minane, hajui kulia kimya.
Basi tukategeana vitendawili kwa mnong'ono.
Ukishindwa unatoa mji, ndiyo sheria,
na mwenzako aende huko, ale, anywe,
ndipo akupe jibu.
Nikampa Lincoln.
"Umechukuliwa. Redio ilisema."
Nikampa Hull. Umechukuliwa.
Leeds. Sheffield. Doncaster, alikozaliwa.
London sikuutaja.
Nikampa Faza, mji wa bibi, nisiouona hata siku moja.
Akafikiri.
"Huko hatuna habari," akasema.
"Siwezi kula kwenye mji nisiojua kama upo."

Siku ya kumi na tatu jenereta ikakohoa, ikanyamaza.
Kisha tone.
Kisha tone jingine, kutoka kwenye boksi la juu.
Danuta akatazama kipimajoto, akasema neno la Kipolandi
ambalo halikuhitaji tafsiri.

"Kitendawili," akasema Fumo.
Si sasa.
"Kitendawili."
Tega.
"Hutoka kila nikimwita mtu. Haagi. Harudi."

Nilijua. Nilidhani nilijua. Ulimi ukagoma.
Nimeshindwa, nikasema.
"Nipe mji."

Nikampa Grimsby.
Nikampa wote: mnara wa gati, shakwe wezi,
Mtaa wa Freeman na maduka yake yaliyofunga
zamani, kabla ya wao kuja,
kituo cha basi tulipogombania mwavuli,
nyumba yetu na mlango wake uliovunjwa.
"Umechukuliwa," akasema.
Bado tumo, nikasema. Mji wenye watu watatu ni mji.

Akafikiri tena. Akaupokea.
"Nilikwenda Grimsby, nikala chipsi na siki,
nikanywa soda ya machungwa mpaka nikacheua,
nikamkuta Mama anaanika glavu..."
Akasita.
"Jibu ni moshi wa mdomo," akasema.
"Wewe ulidhani nini?"

Nikafungua kinywa kumjibu,
na hapakutoka moshi.

Danuta akageuza ufunguo.
Nje kulikuwa na kitu cheupe kinaanguka
juu ya forklifti, juu ya ukuta, juu ya kimya,
theluji au majivu, sikujua.
Theluji ingetuficha.
Fumo akatoa ulimi kabla sijamkataza.
Tukasimama mlangoni, tukasubiri aseme.