Macho ya Kirile

Theluji imelalia paa la soko, Chiatura.
Vigari vya waya vinaning'inia juu ya mto,
vimegoma tangu alfajiri,
na Varlam amepanda kwa miguu, ngazi mia mbili na ushei,
ndani ya koti alilovaa harusini kwa bintiye.
Hajaketi bado, anasema:
"Ni ya kaburini. Nalipa mwenyewe,
nisije nikachaguliwa sura nimelala."

Tsiala hacheki. Ananikabidhi shuka jeupe.
"Inua. Zaidi. Hapo hapo, usitikisike."
Miaka thelathini na minane shimoni:
vumbi la manganisi limehamia katika mikunjo ya mzee,
sabuni imenyoosha mikono.

"Kaka yangu Kirile mnampita kila siku, pale kilimani.
Jiwe zuri, jina limekaa sawa,
ila pa macho pana mashimo mawili.
Wajukuu wananiuliza, alikuwa kipofu?
Kirile! Aliyeokota sindano gizani!"

Kimya. Jiko la kuni linakohoa.
"Picha ile alipiga baba yangu," anasema Tsiala.
"Alimsimamisha nje, siku kama ya leo,
akaelekeza kipimo kwenye theluji.
Na kipimo, mzee wangu, hakijui theluji wala makaa.
Kionyeshe bibi harusi, kitampaka majivu.
Kionyeshe mchimbaji, majivu.
Kwake dunia nzima ni majivu,
nani ni nani, hilo kimekuachia wewe."

Anakisogeza mpaka vidole viwili kutoka shavuni,
upande wa kivuli, chini ya nyusi,
kama anayesikiliza homa ya mtoto.
Mshale unapepesuka, unatulia.
Mbili nukta nane, kinashauri kipimo.
Tsiala anaminya midomo, anafunga tundu hatua moja:
nne. "Nikikitii," ananinong'oneza,
"atatoka kama muuza mikate."

Mabega yangu yanawaka.
Nalaza shuka kidogo, kwa kuchoka tu,
na mwanga wa dirishani unadunda,
unateleza hadi mle ndani, chini ya paji,
mahali ambapo kofia ya mgodi ilipaziba maisha yake yote.

Ya kijani. Macho ya Varlam ni ya kijani,
kama chupa iliyookotwa mtoni.

"Unayaona?" anauliza, bila kusogeza kidevu.
"Nayaona," anasema Tsiala,
na kifunga kinapiga,
sauti ndogo, ya mtu anayevunja njugu.

Baadaye, akifunga vifungo vya koti:
nakala ngapi?
"Mbili. Macho tulipewa na mama mmoja.
Moja mpelekeeni mchonga mawe, amrekebishe Kirile."

Tsiala akaandika risiti polepole, kalamu ikigoma kwa baridi.
Niliisoma alipoondoka mzee.
Ilikuwa ya nakala moja.